Laptopu ninayo, daftari sina

Haya ni maneno niliyoongea juzi mbele ya wafanyabiashara wenzangu pale ukumbi wa Tononoka. Watu waliniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, palipochekwa nimepaacha.

Asalaam aleikum. Na wale wa bwana asifiwe, bwana asifiwe sana. Na wale waliokuja kwa sababu wamesikia kuna chai na mahamri, pia karibuni, chai ipo lakini ni baada yangu, kwa hivyo mkinikatiza mwajichelewesha wenyewe.

Nimeambiwa niongee habari ya teknolojia na jinsi biashara inavyokua. Nikamuuliza aliyenialika, mbona mimi, mie ni muuza spea za tuktuk hapo Mwembe Tayari, vijana wa kompyuta wamejaa kule Swahilipot jirani na Fort Jesus, si muwaite hao. Akanambia hao washaongea sana, sasa tunataka mtu aliyepoteza pesa. Basi hapo nikaona nimeitwa kwa haki.

Wacha nianze na hiyo hasara. Mwaka 2016 alikuja kijana mmoja dukani, shati limepigwa pasi, mkoba begani, maneno laini kama halua, akaniuzia mfumo mzima: kompyuta, skana ya kusoma bakodi, ile mistari myeusi ya kwenye pakiti, printa ndogo ya risiti na programu ya mauzo. Nikalipa, tena pesa ambayo ningeagizia mzigo wa miezi miwili. Siku ya kwanza nimekaa nyuma ya kaunta najiona nshafika, napiga picha natuma kwa ndugu zangu. Sasa nyinyi mwajua spea za tuktuk zinavyokuja? Beringi imefungwa kwa karatasi ya mafuta, bushi ziko kwenye mfuko wa nailoni hamsini hamsini, kebo za klachi zimefungwa kwa kipande cha raba. Bakodi iko wapi hapo? Haipo. Kwa hivyo kila kitu ilibidi kitaipiwe jina lake na bei yake, na saa moja asubuhi madereva wamejipanga mpaka nje, kila mtu yuwataka atoke aende akachukue watoto wa shule, na huyu kijana wangu wa kaunta anatafuta herufi ya B kwa kidole kimoja. Siku ya tatu vijana wakagundua kitufe kimoja hivi kizuri sana, kimeandikwa "mengineyo". Ukikibonyeza unaweka bei tu, risiti inatoka, dereva anaenda zake. Mwisho wa mwezi nikachapisha ripoti, karatasi ndefu kama mkeka, nikasoma: mengineyo, mengineyo, mengineyo, mpaka chini. Kumbe nimenunua mashine ya bei ghali ya kuniambia kwamba nimeuza vitu.

Nikampigia yule kijana wa mkoba, simu haishiki. Kompyuta ikabaki ya kupigia taarab, skana mwanangu akaifanya bunduki.

Miaka mingi nilikuwa nikimlaani yule kijana, na bado namdai, lakini nikitulia nasema ukweli: duka langu lilikuwa vurugu tangu zamani, na mie nikalinunulia vurugu langu kompyuta. Vitu havina majina, kila mmoja ana lake, huyu anaita pini yule anaita bolti ya mbele, bei ya kununulia naijua mie peke yangu na iko kichwani, deni limeandikwa nyuma ya kalenda. Sasa hiyo programu ingefanya nini maskini?

Baadaye mpwa wangu, msichana, amemaliza diploma yake, alinisomea kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo. Kuna mwanauchumi wa Marekani anaitwa Paul David, mwaka 1990 aliandika kulinganisha kompyuta na umeme ulivyoingia viwandani. Viwanda vya zamani vilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke, yazungusha mtaimbo mrefu kule juu chini ya dari, na kwenye mtaimbo mikanda inashuka kwa kila mashine. Wale ambao mshaona mashine ya kusaga unga ya mkanda mwajua naongea nini. Umeme ulipoanza kuingia miaka ya 1880 hivi, wenye viwanda wengi walifanya nini? Wakang'oa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa ya umeme pale pale, na mtaimbo ule ule, mikanda ile ile, mashine zimebanana pale pale zilipokuwa. Faida ilikuwa ndogo mno, wengine wakasema huu umeme ni porojo. Ikapita kama miaka 40, mpaka miaka ya 1920, ndio viwanda vikaanza kutoa mali kwa kasi kubwa, kwa sababu sasa kila mashine imepewa mota yake ndogo, mtaimbo umetolewa, na ukishatoa mtaimbo unaweza kupanga mashine kufuata kazi inavyokwenda, kazi yaingia mlango huu yatokea mlango ule.

Nilipomaliza kusikia hivyo nikasema, basi mie ndio yule mwenye kiwanda, niliweka mota mpya kwenye mtaimbo wa zamani. Na nikiangalia humu ndani naona wenzangu kadhaa, msijifiche. Yule mwenye apu ya oda na bado anamtuma mtu kwa mguu akaulize kama mzigo upo.

Sasa huyu mpwa wangu alifanya nini. Nilidhani atakuja na programu nyingine nikaanza kushika mfuko wangu. Hakufungua kompyuta. Akaenda akanunua kitabu cha mraba, kile cha hesabu cha watoto, akakaa dukani wiki nzima juu ya kigoda, kila kinachotoka anaweka mstari mmoja. Vijana wakimcheka, ati huyu amesoma mpaka diploma kuja kupiga vijistari. Jumamosi jioni akanifungulia. Kebo ya klachi ndio iliyotoka zaidi ya kitu chochote, na ile wiki iliisha mara mbili, na kila ikiisha dereva alikuwa anavuka barabara anaenda kwa jirani, na akifika kwa jirani ananunua na plagi na oili huko huko. Upande wa pili, nyuma, kulikuwa na gia na boksi za gia nilizonunua kwa sababu niliambiwa ni bei ya kutupa. Zimelala pale, wallahi nyingine zimeshika kutu, na hewa yetu hii ya chumvi haina huruma na chuma. Pesa zangu ziko pale zimelala, na mie kila mwezi nakopa ili ninunue kebo.

Hapo ndipo tukaanza kazi ya kweli, na hiyo kazi haikuwa na umeme ndani yake. Kila kitu kikapewa jina moja, jina wanaloita mafundi, si lile la kitabu cha kampuni, maana anayekuja kununua ni fundi. Rafu zikapewa namba kwa rangi. Tukakubaliana kebo zikibaki ishirini, anayeziona ndio anayesema, asingoje tajiri arudi. Baada ya hapo ndio akaweka jedwali kwenye simu, ile ya bure kabisa ya Google ambayo mie nikiwa ferini Likoni naweza kuiona na kijana dukani anaijaza, safu ya jina, safu ya iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, bei ya kununua, bei ya kuuza. Ikibaki ishirini kisanduku kinakuwa chekundu. Basi. Ule mfumo wa maelfu na hii jedwali ya bure, kazi ni ile ile, tofauti ni kwamba hii ilikuja baada ya duka kupangika. Wazee wetu washasema zamani, mali bila daftari hupotea bila habari, na mie nilikuwa nikiisoma hiyo ukutani kwa watu na kucheka.

Sisi watu wa Mombasa hatufai hata kuambiwa haya, tushayaona bandarini. Wazee wa kliaringi, nyinyi mnaowatolea watu mizigo forodhani, mliopo hapa mnakumbuka, zamani ajenti alikuwa na vijana wa kukimbia na makaratasi, faili kwapani, kutoka ofisi hii kwenda ile, mhuri huku mhuri kule, na kijana mwenye miguu mepesi na anayejuana na karani ndio alikuwa mali. KRA, wale watu wa kodi na forodha, ikaleta mfumo wa Simba mwaka 2005, entri, yaani fomu za forodha, zikaanza kutumwa kwa kompyuta, halmashauri ya bandari nayo 2008 ikaweka mfumo wake, KWATOS, kisha ukaja ule mfumo wa dirisha moja wa shirika la serikali la KenTrade, makaratasi yote yapitia mahali pamoja, na Simba mwenyewe baadaye akastaafishwa ikaja iCMS. Wale vijana wa kukimbia wengine walipotea. Lakini wengine namjua mmoja, huyu alikaa chini akajifunza kujaza entri, na kwa sababu alikuwa ashajua mhuri upi unatangulia na kwa nini, akawa bora kuliko waliotoka chuo wanajua kutaipu tu. Leo ana ofisi yake na amewaajiri hao wa chuo. Kwa hivyo mzee wangu ukisikia "ujuzi wa kidijitali" usidhani ni wa watoto peke yao, ile kazi unayoijua miaka thelathini ndio nusu ya ujuzi wenyewe, hiyo nusu nyingine ya vidole yafunzika.

Haya. Tuje kwenye simu, maana najua wengi hapa hamna kompyuta na wala hamuihitaji. M-Pesa ilianza Machi 2007. Tushaizoea mpaka tumesahau kuwa ni teknolojia, twaona ni kama maji. Lakini hebu nikuulize wewe mwenye tili, ile namba ya M-Pesa ya kupokea malipo ya dukani, mara ya mwisho kutoa stetimenti ya tili yako ukaisoma ni lini? Ukaisoma, sio kuipeleka benki. Naona kimya. Mwaka 2012 ilipokuja M-Shwari, ile ya kukopa kwa simu, watu walishangaa inajuaje huyu apewe mia tano na huyu elfu kumi. Ilikuwa yaangalia jinsi unavyotumia laini yako na M-Pesa yako. Yaani kuna mtu anasoma daftari lako la biashara kila siku na kufanya faida kwa kulisoma, na hilo daftari ni lako, na wewe hulisomi! Mie nilipoisoma yangu mara ya kwanza nikagundua Jumatatu ndio siku yangu kubwa, na Jumatatu ndio siku ambayo kijana mmoja nilikuwa nampa ofu. Nilihamisha ofu ikawa Alhamisi, hiyo tu, sikununua kitu.

Na tenganisha pesa bwana. Mama anauza samaki, pesa ya samaki, ya karo, ya chama na ya arusi ya shoga yake zote zaingia laini moja, jioni anaambiwa una elfu tisa anajiona tajiri, kumbe elfu saba ni za mvuvi. Tili au pochi ya biashara ina kazi hiyo hasa, kuiweka pesa ya biashara mbali na macho yako.

Kwa hao mnaouzia mahoteli na makampuni, kuna jambo la eTIMS, mfumo wa KRA wa kutoa ankara za kielektroniki, na sitalizungushia maneno. Tangu Januari 2024, kampuni ikitaka gharama zake zikubaliwe kwenye hesabu ya kodi, kwa sehemu kubwa yatakiwa iwe na ankara iliyotoka eTIMS. Maana yake nini kwako wewe unayepeleka pweza hoteli ya Nyali? Maana yake mhasibu wa hoteli akipewa nafasi kati yako na yule mwenzako mwenye ankara, atamchukua mwenzako hata kama pweza wako ndio mzuri. Sipendi kodi kama nyinyi msivyoipenda. Lakini kuna watu nawajua wamepoteza oda za miaka kwa hofu ya kitu ambacho hata simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, inakifanya, kuna njia ya kubonyeza nyota tu, haitaki intaneti wala laptopu. Nenda ofisi za KRA waambie wakuonyeshe, wapo, na ni bure, mtu akikuambia ni elfu tatu mkimbie.

WhatsApp nitapita haraka. Ile ya biashara ina katalogi, weka picha zako na bei, weka BEI jamani, hii habari ya "njoo inboksi" yawafukuza watu, mtu amekaa Kisauni hataki kubembelezana nawe kuhusu leso ya mia sita. Wenye maduka ya leso pale Biashara Street wengine washaelewa, leso ikitoka tu ina jina jipya na picha iko kwenye stetasi kabla ya adhuhuri, mteja wa Lamu analipa na mzigo unapanda basi jioni. Imetosha hiyo.

Kwenye wizi ndio nataka kukaa kidogo kwa sababu hapa ndio watu wetu wanaumia. Ukiongeza simu kwenye biashara umeongeza na mlango, na mlango unataka kufuli. Mteja akikuonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake usiiamini hata kidogo, hiyo meseji mtu aweza kuiandika mwenyewe, angalia kwenye simu YAKO au salio la tili yako. Mtu akikupigia analia ati nimekosea namba nirudishie, mwambie atume ile meseji kwa 456 ya Safaricom, wenyewe watairudisha, usimrudishie wewe kwa mkono, maana utarudisha na baadaye ile ya kwanza irudishwe pia na utabaki unashika kichwa. Namba ya siri usimpe kijana wa dukani hata kama ni mtoto wa dadako. Sisemi ni mwizi, nasema usimtie majaribuni. Nilimtia mmoja majaribuni na mpaka leo hatusalimiani kwenye arusi za ukoo.

Na intaneti yenyewe msiitegemee kama jua. Hii kebo ya kwanza ya intaneti ya chini ya bahari iliyotufikia, TEAMS, ilitua hapa hapa Mombasa 2009 kutoka Fujaira kule Imarati, yaani njia ile ile ya majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi kuleta tende. Tangu siku hizo zimeongezeka kebo nyingi, nyingi zatua hapa kwetu, halafu cha ajabu bando twanunua bei moja na wa Nairobi, lakini hiyo tuiache. Ninachotaka kusema ni kwamba Mei 2024 kebo mbili zilikatika baharini kule upande wa Afrika Kusini, EASSy na Seacom, na nchi nzima intaneti ikawa ya kinyonga. Dukani kwangu hakuna aliyetetereka. Kwa nini? Kitabu cha mraba bado kiko chini ya kaunta. Jioni mtandao uliporudi kijana akahamisha. Kwa hivyo msije mkatupa madaftari ati kwa sababu nimewaambia mambo ya simu, mtanitafutia laana.

Nataka kusema neno moja kwa vijana halafu niache. Nyinyi mnajua hizi mashine, na wengi mnakaa barazani mnangoja kazi ya ofisi. Kongowea soko lile, Marikiti, mafundi wa Changamwe, kuna watu wanapoteza pesa kila siku kwa kukosa mtu wa kukaa kwenye kigoda wiki moja kuhesabu. Usiende kwao na programu. Nenda na kigoda. Mpwa wangu sasa ana maduka saba anayahesabia, analipwa kwa mwezi, mie mjomba wake wa damu ananipunguzia mia mbili tu. Na nyinyi matajiri mkimpata kijana kama huyo mlipeni, msimwambie "utapata uzoefu", uzoefu haununui unga.

Baada ya hapo nikasema kama kuna maswali. Likaja la bima sikulijua nikamrushia mwingine. Kisha akasimama bibi mmoja nyuma, kajitanda leso mbili, nilikuwa nimemwona tangu mwanzo hacheki. Akasema, "Mwanangu, umesema vizuri, lakini mie kusoma sijui sana na hizo safu zako sitaziweza. Nauza mahamri na mbaazi, kila siku naona nauza, na kila siku unga wanishinda kununua. Nifanye nini?"

Nikamuuliza, "Shikamoo bibi, simu yako yapiga picha?" Akasema yapiga, mjukuu alimletea kutoka Dubai.

Nikamwambia basi hilo ndilo daftari lako. Asubuhi ukishaweka mahamri kwenye beseni, kabla hujauza hata moja, piga picha beseni. Jioni ukirudi, piga picha beseni na yaliyobaki, na piga picha pesa umezitandaza kwenye mkeka. Ukipita dukani, piga picha unga na mafuta uliyonunua. Simu yenyewe inaweka tarehe na saa, wewe huandiki kitu. Wiki ikiisha huyo mjukuu anakaa nawe, anahesabu kwenye picha, mtajua ni siku gani yanabaki mengi na ni kina nani wanaokula bila kulipa.

Akafikiri. Akasema, "Wanaokula bila kulipa nawajua, ni baba yao." Ukumbi ukaanguka. Halafu akaitoa simu kwenye kibindo akanipa, akasema lakini haipigi, kila nikipiga yanambia imejaa. Nikafungua, picha elfu nne, zote za arusi na za maua ya "asubuhi njema". Chai ikaanza kugawiwa, sisi tumekaa kule nyuma mie na yeye tunafuta maua, moja moja, na kila moja ananambia lilitoka kwa nani.